Vyumba Vinne Havitoshi

Mtoto mmoja hivi kati ya 100 huzaliwa na kasoro ya moyo. Ultrasaundi ya wiki 18 hadi 24 inaweza kuonyesha nyingi, ila mpimaji ana kazi: moyo wenyewe mdogo, unadunda zaidi ya mara 110 kwa dakika, na mwenye moyo hatulii.

Tuseme kaona vyumba vinne vya moyo, vyote safi. Amemaliza? Bado. Mishipa miwili mikubwa inaweza kuwa imebadilishana nafasi na vyumba vikaonekana sawa tu. Lazima asogeze kifaa kidogo kuelekea kichwani mwa mtoto, aone mishipa inavyotoka. Mtoto huyo akizaliwa pasipo daktari aliyejiandaa, anaweza kufa ndani ya siku chache kwa kukosa oksijeni mwilini.

Mwaka 2021 Rima Arnaout na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, walifundisha kompyuta kwa picha zaidi ya 107,000. Programu huanza kwa kuchambua picha zote na kutafuta mitazamo mitano inayotakiwa, ndipo inaamua kama moyo ni wa kawaida. Katika jaribio lao ilinasa asilimia 95 ya mioyo yenye kasoro. Kwangu mimi, ile hatua ya kuchambua ndiyo yenye akili. Ila picha ya mishipa isipopigwa kabisa, programu haina cha kuchambua.