Kadi Imo Tunduni, na Mashine Haina Habari

Kabla sijafungua kasha la mashine yoyote iliyokataa kuitambua memori kadi, huwa najiuliza swali moja: je, kerneli ilipata habari kwamba kadi imeingia ikashindwa kusemezana nayo, ama habari yenyewe haikuifikia? Maradhi haya mawili hufanana sura mbele ya mwenye mashine, ambaye haoni ila ukimya, lakini dawa zake ni mbalimbali, na asiyeyapambanua huishia kununua kadi juu ya kadi, kama alivyofanya jirani yangu Maalim, aliyenunua mbili katika juma moja na zote akazihukumu kuwa mbovu.

Mashine yenyewe ni bodi ndogo ya Linux niliyoifunga msikitini ili irekodi darsa za baada ya Magharibi. Mfumo wake hukaa katika kumbukumbu iliyolehemiwa papo hapo bodini, na sauti huandikwa katika memori kadi ambayo Maalim huichomoa akaenda nayo nyumbani. Siku moja mtu ambaye haraka yake ilizidi utaratibu aliitia kadi juu chini, akaisukuma hata tundu likavunjika. Nami, kwa kuwa sikuwa na tundu la aina ile, niling'oa jingine katika kamera iliyokwisha kufa, nikaliunga kwa nyaya nyembamba kama nywele. Tangu alasiri ile kadi haikuonekana tena.

"Mwanangu, nimeifuta kwa kanzu, nimeipuliza, nimeisomea," Maalim aliniambia, "haitaki." Kuipuliza simshauri mtu, maana pumzi ina unyevu, na hewa yetu ya pwani peke yake yatosha kuzitia kutu pini.

Niliunga kompyuta yangu, nikatoa amri ya dmesg -w, ambayo huonyesha matukio ya kerneli kadiri yanavyotokea, kisha nikaitia kadi. Halikuandikwa neno. Lau ingaliandikwa error -110, ningalijua kwamba kadi ilianza kuitika kisha ikapitisha muda, nami ningaliuchungua umeme wake, na hasa kule kuvuka kutoka volti 3.3 kwenda 1.8 ambako kadi za kasi hukutaka. Na lau ingalikuwa -84, ningalizishuku nyaya zangu, maana nambari hiyo ni ya maneno yaliyoharibika njiani, nayo aghalabu hutulia ukiipunguza max-frequency. Ukimya hauna nambari.

Basi nikalifungua faili la /proc/interrupts, ambamo kerneli huhesabu kila mshtuo inaoletewa na vifaa, nikautafuta mstari wenye herufi cd, yaani ule wa swichi ndogo iliyofichwa pembeni mwa tundu, ambayo kazi yake ni kutoa habari ya kuingia na kutoka kwa kadi. Hesabu ilikuwa 4. Nikaitia kadi, ikawa 6. (Huruka mbili kwa sababu kibati cha swichi hutetemeka, na ndiyo maana draiva husubiri milisekunde 200 kabla ya kuuamini mshtuo.) Nilistaajabu: hodi imepigwa, mwenye nyumba ameisikia, na bado mlango haukufunguliwa.

Hapo nikaiamrisha kerneli iseme yale ambayo kwa kawaida huyanyamazia:

echo 'func mmc_rescan_try_freq +p' > /sys/kernel/debug/dynamic_debug/control

Nikaitia kadi: kimya. Nikaichomoa, na mara ikatoka mistari minne, ya kwamba inajaribu kuiamsha kadi kwa mwendo wa hezi 400000, kisha 300000, kisha 200000, kisha 100000. Kadi ninayo mkononi, nayo inaitafuta tunduni! Ilipokuwamo iliidhania ghaibu, na ilipoondoka ikaamka kuilaki.

Nilichukua mita, nikaweka ncha zake kwenye swichi. Tundu likiwa tupu, mita ililia. Kadi ikiingia, ikanyamaza. Swichi ya kamera ile ilikuwa ya kufunguka kadi inapoingia, ilhali ile ya asili ilikuwa ya kufunga, na lile faili la maelezo ya vifaa ambalo mafundi huliita divaisi trii lilikuwa bado linasema GPIO_ACTIVE_LOW katika mstari wa cd-gpios, maana yake pini ikishuka hadi sifuri, kadi imo. Draiva haikuwa na hatia, ilitii kilichoandikwa.

Niliandika GPIO_ACTIVE_HIGH, na kwa pupa ya kutaka uhakika nikaongeza chini yake neno cd-inverted. Nikalikusanya faili upya, nikaiwasha mashine, na kosa likawa lile lile, kwa kuwa maneno hayo mawili kila moja hugeuza maana, na kilichogeuzwa mara mbili hurudi kilikokuwa. Saa nzima ilinipotelea hapo. Nililifuta la pili.

Wako watakaokwambia uandike broken-cd upumzike, nayo kerneli, badala ya kungoja swichi, itapiga hodi kila sekunde moja kuuliza kama kadi imo. Kwa tundu ambalo swichi yake haipo kabisa, dawa hiyo ni halali. Kwa swichi nzima iliyosomwa kinyume, mimi naiona ni uvivu, na fauka ya hayo inainyima bodi usingizi.

Safari hii nilimpa Maalim aitie kadi kwa mkono wake. Ikaandikwa: mmc1: new high speed SDHC card at address aaaa. Nikamtafsiria. Akaitazama ile kadi ya gigabaiti 32, kisha akaniuliza kuhusu zile mbili za kwanza, ambazo alikuwa amempa mjukuu wake azichezee mchangani, kama nazo zilikuwa nzima.

Nilimwambia zilikuwa nzima.