Mwendo wa Wanyama na Mimea

Ukiketi uani asubuhi, uwe Kinondoni au Temeke, utaona wanyama wengi wakienda huku na huku. Kuku hutembea akichakura. Panzi huruka kwa miguu yake mirefu ya nyuma. Kunguru hupaa kwa mabawa. Konokono hutambaa polepole, akiacha ute nyuma yake. Lakini mwembe hauondoki mahali ulipopandwa. Je, mwembe hauna mwendo?

Viumbe hai vyote vina mwendo, na kila mwendo una sababu. Kiumbe hutafuta chakula, maji, hewa au mwanga, au hujiepusha na hatari. Tuchunguze mnyama mmoja, kisha tutazame mimea.

A. Kiluwiluwi wa mbu

Jaribio la 1. Pamoja na mwalimu wako, chota maji ya dimbwi lenye viluwiluwi vya mbu, uyatie katika chupa ya kioo. Funika mdomo wa chupa kwa kitambaa chembamba ili mbu wasitoke. Tazama kwa makini.

Kiluwiluwi hana miguu wala mapezi. Huenda kwa kuukunja mwili wake upande huu na upande huu. Gonga chupa kidogo. Viluwiluwi vyote huzama upesi. Subiri. Baada ya muda hupanda tena juu, kwa sababu ni lazima vivute hewa. Kiluwiluwi wa anofelesi, mbu aenezaye malaria, hulala sambamba na uso wa maji. Kiluwiluwi wa kuleksi huning'inia kichwa chini, akivuta hewa kwa bomba dogo lililo karibu na mkia.

Baada ya siku kadhaa kiluwiluwi hugeuka pupa, kisha mbu kamili. Sasa ana mabawa. Mbu jike wa anofelesi huingia nyumbani usiku kutafuta damu, na kumkamata ni kazi ngumu.

Fikiri vizuri. Mbu huruka kutoka nyumba hata nyumba, lakini kiluwiluwi hawezi kuhama dimbwi lake. Dimbwi likikauka, hufa. Kwa hiyo ni rahisi zaidi kumshinda mbu kabla hajapata mabawa.

Katika jiji la Dar es Salaam, viluwiluwi huonekana katika mitaro iliyoziba, na katika maji yaliyotuama kati ya matuta ya mboga na viazi mabondeni. Mwaka 2006 dawa ya kuua viluwiluwi, itokanayo na bakteria, ilianza kutiwa katika maji ya kata tatu: Kurasini ya Temeke, Mikocheni ya Kinondoni na Buguruni ya Ilala. Malaria ilipungua miongoni mwa watoto wa kata hizo.

B. Mimea

Jaribio la 2. Panda haragwe katika kopo lenye udongo. Likiota, liweke ndani ya sanduku lenye tundu moja ubavuni. Mwagilia maji kila siku, kisha funika sanduku. Baada ya siku chache utaona mche umeinamia tundu. Upande wa shina ulio gizani hukua upesi kuliko upande wenye mwanga, ndipo shina hupinda.

Mimea mingine huenda upesi. Gusa majani ya kifauongo, nayo hujikunja mara moja. Mbegu pia husafiri: za kishona nguo hunasa katika nguo zako, nawe huzipeleka mbali bila kujua.

Basi mwembe nao una mwendo. Mizizi yake huelekea penye maji, na matawi yake huelekea penye mwanga.

Kumbuka
1. Wanyama wengi huhama mahali. Mimea mingi husogeza sehemu zake tu.
2. Ukiujua mwendo wa kiumbe, utajua pia asichoweza kufanya.

Kazi ya nyumbani
Kila Jumamosi zunguka nyumba yenu pamoja na mtu mzima. Mwageni maji yaliyotuama katika makopo, vifuu na magurudumu mabovu. Humo huzaliana pia mbu waenezao homa ya dengi.

Maswali
1. Kwa nini kiluwiluwi hupanda juu ya maji?
2. Taja tofauti moja kati ya kiluwiluwi wa anofelesi na wa kuleksi.
3. Kwa nini mche wa haragwe uliinamia tundu?
4. Jirani yako husema, "Mbu hawana dawa." Utamjibu nini?