Kununua Gari Lililotumika: Chagua Injini Itakayopanda Mlima

Wahenga walinena kuwa uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Kila mkaazi anayeingia kwenye yadi ya magari akiwa na pesa za mkopo wa chama cha ushirika angefaa kuukumbuka msemo huu. Rangi inang'aa, viti ni safi, redio inaimba. Lakini kinachoibeba familia ni injini, na wengi wetu huitazama mwisho, au hatuitazami kabisa.

Kosa hapo ni ghali. Kuifungua na kuitengeneza upya injini iliyochoka kunaweza kumeza karo ya muhula mzima. Na gari likikwama mlimani usiku, likiwa na mgonjwa anayepelekwa hospitali ya Wesu au Hospitali ya Rufaa ya Moi mjini Voi, hilo si suala la pesa tena. Somo hili limeandikwa kwa mkaazi asiye fundi, ili ajue la kuuliza na la kutazama kabla ya kulipa.

Anza na barabara yako

Kabla ya kuuliza bei, jiulize gari litakwenda wapi. Mji wa Voi uko takriban mita 600 juu ya usawa wa bahari, ilhali Wundanyi uko juu ya mita 1,300. Barabara ya kutoka Mwatate kwenda Wundanyi hupanda kwa kona baada ya kona. Ile ya kwenda Taveta ni ndefu, zaidi ya kilomita 100 kutoka Voi, lakini sehemu kubwa ni tambarare.

Hewa ya mlimani ni nyepesi. Injini ya kawaida isiyo na tabo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda. Ongeza watu watano, magunia mawili ya mahindi na kiyoyozi, na injini ndogo inaanza kulia.

Kanuni ya kwanza basi ni hii: chagua injini kwa kuangalia safari ngumu ambayo huna budi kuifanya mara kwa mara, si ile nyepesi ya kwenda sokoni.

Anayeishi Voi, Maungu au Taveta mjini na husafiri na watu wawili au watatu, injini ya cc 1,000 hadi 1,300 inaweza kumtosha. Anayepanda Wundanyi, Werugha au Mgange kila wiki na familia nzima, cc 1,500 ndiyo ya kuanzia. Anayebeba mizigo mizito kwenye barabara za udongo afikirie cc 1,800 au 2,000. Injini ndogo inayolazimishwa kupanda mlima kila siku kwa gia nzito hupata joto, hula mafuta mengi na huchoka mapema. Akiba uliyoitarajia huipati.

Hata hivyo, injini kubwa bila sababu nayo ni mzigo. Tuchukue mfano wa familia inayotembea kilomita 1,200 kwa mwezi. Gari la cc 1,500 linalokwenda kilomita 14 kwa lita litatumia lita 86 hivi. Gari la cc 2,000 linalokwenda kilomita 10 kwa lita litatumia lita 120. Tofauti ni lita 34. Tukichukulia kuwa lita moja ni shilingi 180, hizo ni shilingi 6,120 kwa mwezi, yaani zaidi ya shilingi 73,000 kwa mwaka. Fanya hesabu hii kwa kilomita zako na kwa bei ya mwezi huu inayotangazwa na EPRA. Kumbuka pia kuwa ushuru wa bidhaa kwa gari linaloagizwa kutoka nje hupanda injini inapozidi cc 1,500, na jambo hilo huonekana kwenye bei ya yadi.

Petroli, dizeli au haibridi?

Kwa familia nyingi, petroli isiyo na tabo ndiyo rahisi kutunza. Ina vifaa vichache vya gharama kubwa na mafundi wengi wanaijua.

Dizeli ina nguvu ya kuvuta na hula mafuta kidogo, na inafaa anayesafiri mbali akiwa na mzigo. Lakini dizeli nyingi za kisasa zina kichujio cha masizi kwenye bomba la moshi. Kichujio hicho hujisafisha gari linapokwenda mwendo mrefu likiwa na moto wa kutosha. Ikiwa safari zako ni za nyumbani hadi shuleni na sokoni, kitaziba, na dawa yake si rahisi. Pampu na nozeli za dizeli nazo haziwezi kuvumilia mafuta machafu, kwa hiyo mafuta ya mitungi yanayouzwa kando ya barabara si ya kuyajaribu.

Gari la haibridi hupunguza matumizi ya mafuta, na likiteremka mlima hurudisha umeme kwenye betri. Lakini betri hiyo hupozwa kwa hewa, na katika magari mengi tundu la kuvutia hewa liko karibu na kiti cha nyuma. Vumbi letu likiziba tundu hilo, betri hupata joto na kufa mapema. Uliza kama limekuwa likisafishwa, na betri ipimwe kwa mashine kabla ya kununua.

Injini ambayo fundi wako anaijua

Aina moja ya gari inaweza kuwa na injini tofauti. Usiishie kwenye jina la gari. Uliza jina la injini yenyewe. Kwa mfano, injini ya Toyota iitwayo 1NZ-FE, ya cc 1,500, imo katika Probox, Fielder na Axio nyingi zilizoko barabarani mwetu. Si kwamba haiharibiki. Faida yake ni kwamba mafundi wameizoea na spea zake hazisumbui kupatikana.

Ukishapata jina la injini, nenda kwa fundi unayemwamini umuulize: umewahi kuifungua hii? Kisha pita kwenye maduka mawili au matatu ya spea hapa Voi uulize bei ya pampu ya maji, gasketi ya silinda hedi, na plagi. Ukiambiwa kila kitu kitaagizwa Nairobi au Mombasa, hesabu na siku ambazo gari litalala gereji.

Uliza pia kama injini inatumia cheni au belti ya taimingi. Belti hubadilishwa kwa ratiba, na kwa injini nyingi ni karibu kila kilomita 100,000. Subaru nyingi zenye injini ya EJ20 ni mfano wa zinazotumia belti. Ikikatika, katika injini nyingi pistoni hugonga valvu na injini huharibika papo hapo. Muuzaji asipokuwa na risiti ya kuonyesha ilibadilishwa lini, ichukulie kuwa haijabadilishwa na uondoe gharama hiyo kwenye bei. Cheni haina ratiba kama hiyo, lakini hulegea mwenye gari asipobadilisha oili kwa wakati.

Ikague ikiwa baridi

Mwambie muuzaji asiwashe gari kabla hujafika. Ukifika, gusa boneti. Ikiwa ina moto, uliza kwa nini, na urudi siku nyingine asubuhi. Injini yenye moto huficha kelele na moshi wa mwanzo.

Chomoa kijiti cha oili. Oili nyeusi inaonyesha tu kuwa imetumika, lakini oili nzito kama lami inaonyesha uzembe. Fungua kifuniko cha oili: ute mzito kama maziwa ya chai huenda ukamaanisha kuwa maji yanaingia kwenye oili. Fungua rejeta ikiwa baridi tu, kwa maana ikiwa na moto itakuchoma. Maji yawe safi na yenye rangi ya dawa ya rejeta, si ya kutu wala yenye mafuta yanayoelea.

Sasa washa. Moshi wa buluu maana yake injini inachoma oili. Moshi mweusi maana yake mafuta yanazidi au hewa haitoshi. Moshi mweupe usiokoma hata injini ikipata moto maana yake huenda maji yanaingia kwenye silinda. Lakini usichanganye na mvuke mwepesi wa asubuhi ya baridi kule milimani. Huo hutoweka baada ya dakika chache.

Tazama pia dashibodi. Unapofungua swichi, taa ya onyo ya injini inafaa iwake, kisha izime injini ikiwaka. Isipowaka kabisa mwanzoni, huenda imekatwa ili kuficha kasoro.

Joto la Voi na maji ya chumvi

Visima vingi vya nyanda zetu za chini vina maji ya chumvi. Maji hayo yakitiwa kwenye rejeta kwa miaka, huacha ukoko na kutu ndani, na njia za kupozea injini huziba. Baadhi ya mafundi huondoa thermostati ili injini isichemke. Kwa kufanya hivyo ugonjwa umefichwa, haujatibiwa, na gari hula mafuta zaidi kwa kuwa injini haifiki joto lake.

Jaribio lake ni rahisi. Saa sita mchana, liache gari likinguruma limesimama, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, kwa dakika 20. Sindano ya joto ipande hadi mahali pake na itulie hapo. Ikiendelea kupanda, au isipopanda kabisa, uliza maswali.

Jaribio la mlima

Usinunue gari kwa kulizungusha uwanjani. Chukua watu wanne, pamoja na fundi, na mpande kutoka Mwatate kuelekea Wundanyi. Sikiliza kama injini inagonga, na utazame sindano ya joto. Mkiteremka, toa mguu kwenye mafuta na uache gia izuie mwendo, kisha ukanyage tena huku mwenzako akitazama nyuma. Wingu la buluu wakati huo linaonyesha kuwa sili za valvu zimekwisha.

Karatasi nazo ni sehemu ya injini

Linganisha namba ya injini na ile iliyoandikwa kwenye logibuku. Injini ikishabadilishwa, mabadiliko hayo yanapaswa kusajiliwa na NTSA. Lipia upekuzi wa rekodi za gari katika mfumo wa NTSA kupitia eCitizen, uone mmiliki ni nani na kama lina deni. Usimalize kulipa kabla ya umiliki kuanza kuhamishwa kwa jina lako.

Maswali ya kujipima

1. Safari yangu ngumu ni ipi, na huwa tuko wangapi ndani ya gari?
2. Mafuta yatanigharimu shilingi ngapi kwa mwezi?
3. Fundi wangu anaijua injini hii, na spea zake ziko Voi?
4. Nimeiona ikiwashwa baridi, ikisimama juani na ikipanda mlima?

Ukikosa jibu la swali lolote kati ya haya, pesa zako bado ziko salama mfukoni. Zibakize humo hadi ulipate.