Kupunguza Ucheleweshaji katika Mtandao wa Setilaiti na Nchi Kavu

Tuseme zahanati moja iko milimani wilayani Kilosa, na mnara wake wa simu umeunganishwa kwa setilaiti. Duka la Mikumi mjini, kando ya barabara kuu, linatumia mkongo. Wote wanawasiliana na kompyuta iliyoko Dar es Salaam. Kwa nini mganga asubiri zaidi ya muuza duka?

Jibu ni umbali. Setilaiti inayoonekana kusimama mahali pamoja angani iko juu ya ikweta, karibu kilomita 36,000. Ombi hupanda na kushuka. Jibu nalo hupanda na kushuka.

Umbali = 4 × 36,000 = km 144,000
Muda = 144,000 ÷ 300,000 = sekunde 0.48

Sasa mkongo. Mikumi hadi Dar es Salaam ni takriban km 300, yaani 600 kwenda na kurudi. Ndani ya kioo mwanga husafiri karibu km 200,000 kwa sekunde, hivyo muda ni sekunde 0.003.

Watahiniwa wengi huandika, "Tuongeze uwezo wa kubeba data." Hapo maksi hupotea! Lori linalopita Hifadhi ya Mikumi na tani 30 badala ya 10 halifiki Morogoro mapema zaidi.

Kinachosaidia ni kugawa kazi. Mahali penye njia zote mbili, mazungumzo ya simu yapite nchi kavu, na nakala kubwa za usiku zipite setilaiti. Vitu vinavyoombwa mara kwa mara vihifadhiwe karibu na mtumiaji. Tena, punguza safari: fomu inayouliza na kujibiwa mara 5 hutumia sekunde 2.4, ikitumwa yote kwa pamoja, 0.48. (Njia hii haihitaji kifaa kipya, lakini husahaulika sana.) Setilaiti za chini, za km 550, hushusha muda hadi sekunde 0.007 hivi, ila hazitulii mahali pamoja, kwa hiyo mawasiliano hukabidhiwa kutoka moja hadi nyingine.

Usiandike kwamba setilaiti ya juu haifai. Mafuriko ya mto Mkondoa ya Januari 2010 yaliharibu reli ya kati huko Kilosa. Mkongo uliozikwa kwenye bonde kama lile unaweza kukatika vivyo hivyo, na hapo zahanati hubaki na njia ya angani tu.

Swali la kujipima: Fomu ya zahanati huuliza na kujibiwa mara 8 kupitia setilaiti ya juu. Tafuta ucheleweshaji wote.

Jibu: 8 × 0.48 = sekunde 3.84.