Tuwasaidieje wakimbizi bila kuwasemea?

SWALI: Sisi ni jumuiya ndogo ya kina mama wa Malindi, Mji Mkongwe. Tunataka kuungana na jumuiya nyingine za Unguja tusaidie vyama vilivyoundwa na wakimbizi wenyewe. Tuanzie wapi?

JIBU: Mama zangu, anzieni hapa hapa visiwani. Baada ya polisi kuua waandamanaji wa upinzani Zanzibar Januari 2001, Wazanzibari zaidi ya 2,000, wengi wao Wapemba, walivuka bahari hadi Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya. Baadaye UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, iliwahamishia kambi ya Dadaab, bara kavu, mbali na bahari waliyoizoea. Waliopitia hayo wapo. Waulizeni kilichowafaa na kilichowaudhi kabla hamjachanga hata shilingi.

Kisha tazameni Kampala. Mwaka 2007 vijana wakimbizi kutoka Kongo walianzisha chama cha YARID, na miongoni mwa shughuli zao za mwanzo ni mpira na masomo ya Kiingereza. Uganda ina pia RELON, mtandao wa vyama vya wakimbizi. Vyama vya namna hii havikosi mawazo. Vinakosa kodi ya ofisi, mhasibu, na mtu wa kuvitambulisha kwa wafadhili. Hapo jumuiya iliyosajiliwa hufaa sana. Msaada wa nguo za mitumba, kusema kweli, umeshawatosha wakimbizi.

Tanzania kuna ugumu wake: wakimbizi wengi huishi kambini, kama Nyarugusu, Kigoma, na kuingia huko kunataka kibali. Msiende kwa pupa. Andikianeni makubaliano mafupi na chama mtakachokisaidia: nani anashika fedha, hesabu zitasomwa lini. Na mnapokaa kuchagua miradi, wakimbizi wenyewe wawe na kura, si viti tu.