Marinda na Molekuli: Jinsi Kitambaa Kinavyotunza Umbo

Fundi mmoja aweza kushona sketi mbili za shule kwa kipimo kimoja, kwa cherehani moja na pasi moja. Baada ya kufuliwa mara chache, sketi ya kwanza ingali na marinda yaliyosimama wima. Ya pili imelegea, na mwenyewe hulazimika kuipiga pasi kila asubuhi. Mzazi humlaumu fundi, na fundi huilaumu pasi. Aghalabu chanzo si fundi wala pasi, bali ni nyuzi zilizofumiwa kitambaa hicho.

Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini vitambaa hutofautiana katika kutunza mkunjo, na kuonyesha majaribio matatu yawezayo kufanywa shuleni kwa vyombo vya jikoni. Mwanafunzi atakayeyaelewa atakuwa amejifunza sura muhimu ya kemia ya molekuli ndefu. Na iwapo ataingia katika ufundi wa nguo, hataharibu kitambaa cha mteja kwa kubahatisha.

Pamba, hariri na maji

Uzi wa pamba umejengwa kwa selulosi, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyolala sambamba. Minyororo hiyo hushikamana kwa vifungo vya haidrojeni. Kila kifungo ni dhaifu, lakini wingi wake huupa uzi nguvu. Maji yakiingia, hujipenyeza kati ya minyororo na kuvilegeza vifungo. Tunapopiga pasi kitambaa kilicho na unyevu, minyororo husogea. Maji yakishakauka, vifungo vipya hufungwa katika mkao mpya, nao ndio mkunjo. Kwa hiyo kilichofanywa kwa maji huvunjwa kwa maji: nguo ikifuliwa, mkunjo hupotea. Wanga husaidia kwa muda tu, kwani nao huondoka katika maji.

Hariri, ijapokuwa ni protini, ina udhaifu wa namna hiyo. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mariano Fortuny alitengeneza mjini Venice magauni ya hariri yenye mikunjo myembamba sana, yaliyojulikana kwa jina la Delphos. Yalisifiwa mno, lakini yalipolowa mikunjo ilifumuka, na wenyewe waliyarudisha kwake yakunjwe upya.

Poliesta na joto

Mwaka 1941, John Rex Whinfield na James Tennant Dickson wa Uingereza walivumbua uzi wa poliesta, ambao watu wengi waliujua kwa majina ya kibiashara kama vile Terylene na Tetron. Uzi huu haupendi maji. Katika hewa ya kawaida pamba hubeba unyevu wa takriban asilimia 8 ya uzito wake. Poliesta hubeba chini ya asilimia 1. Hivyo maji ya kufulia hayawezi kuisogeza minyororo yake.

Kinachoisogeza ni joto. Chini ya digrii 70 hivi za Sentigredi, sehemu za minyororo zisizopangika vizuri zimekaza kama nta iliyoganda. Joto likipita kati ya digrii 70 na 80, sehemu hizo hupata uhuru wa kujipinda. Kitambaa kikikunjwa katika hali hiyo, kisha kikapoa kingali kimekunjwa, minyororo hukazwa katika mkao mpya. Tukiongeza joto mno tutaharibu kazi, kwa maana poliesta huyeyuka ifikapo digrii 260 hivi, na pasi kali huweza kuilainisha kabla ya hapo.

Jaribio la kwanza: kukitambua kitambaa

Kabla ya kazi yoyote, chomoa nyuzi chache kutoka ukingoni. Zishike kwa koleo juu ya sinia lenye mchanga, mbali na nguo na nywele, kisha zisogeze kwenye mwali wa mshumaa. Pamba huungua haraka, hunuka kama karatasi inayoungua, na huacha majivu mepesi. Poliesta hujikunyata, huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha tone gumu lisilopondeka kwa vidole likishapoa. Sufu na hariri hunuka kama nywele zilizoungua. Ukipata majivu pamoja na chembe ngumu, yaelekea kitambaa ni mchanganyiko wa pamba na poliesta. Usiliguse tone likiwa la moto, kwa sababu hunata kwenye ngozi.

Jaribio la pili: vinundu vya mvuke

Chukua vipande viwili vyepesi vya sentimita 30 kwa 30, kimoja cha pamba na kimoja cha poliesta. Katika kila kipande funga kokoto safi 9, kila moja mahali pake, kwa kuuzungusha uzi imara shingoni mwake, kama wafanyavyo wafungao vitambaa kabla ya kuvitia rangi. Viweke juu ya chujio ndani ya sufuria yenye maji kidogo, ufunike, na uache vipikwe kwa mvuke kwa dakika 30. Kisha vitoe na uviache vipoe kabisa kabla ya kufungua. Poliesta ikifunguliwa ingali na moto, minyororo hujirudia na umbo hupungua.

Vikishakauka, vyote viwili vitaonyesha vinundu. Sasa vitie katika maji baridi, uvikamue taratibu, na uvianike. Vinundu vya pamba vitalala. Vya poliesta vitasimama. Wanafunzi wapime kimo cha vinundu kabla na baada ya kulowesha, waandike matokeo katika jedwali.

Shule zilizo nyanda za juu zisihofu. Mjini Nairobi maji huchemka kwa takriban digrii 94, na joto hilo bado ni zaidi ya linalohitajika. Lakini ikumbukwe kwamba umbo lililowekwa kwa mvuke laweza kufutwa na pasi yenye joto zaidi ya mvuke.

Jaribio la tatu: mvutano wa vitambaa viwili

Chukua amerikani ambayo haijafuliwa. Juu yake tandaza poliesta nyembamba, ushone mistari sambamba iliyoachana kwa sentimita 3. Pima urefu na upana, kisha ufue kwa maji ya moto na uanike. Amerikani itarudi, poliesta, isiyorudi kwa kiasi hicho, itafura katikati ya mistari na kufanya matuta.

Sababu ni hii. Wakati wa kufuma, nyuzi za mtande huvutwa kwa nguvu. Maji yanapoingia, mvuto huo hulegea na nyuzi za pamba huvimba. Uzi wa mtande hulazimika kuzunguka mshindio mnene zaidi, na kwa hiyo urefu wa kitambaa hupungua.

Viwandani matuta kama hayo hupatikana pia kwa kuchapa mistari ya kostiki soda juu ya pamba. Sehemu zilizoguswa husinyaa, nyingine hukunjamana. Msingi wake ni kazi ya John Mercer, aliyepata hataza nchini Uingereza mwaka 1850. Njia hiyo isijaribiwe darasani, maana kostiki soda kali huunguza ngozi na hupofusha macho.

Hesabu ya marinda

Umbo lina gharama. Rinda moja likionekana kwa upana wa sentimita 4 na kujikunja kwa kina cha sentimita 4, hutumia kitambaa cha 4 + 4 + 4, yaani sentimita 12. Hivyo kiuno cha sentimita 60 huhitaji sentimita 180, mbali na posho ya mishono. Kina kikipunguzwa hadi sentimita 2, kila rinda hutumia sentimita 8, na jumla hushuka hadi sentimita 120. Kwa mzazi anayenunua sare, tofauti hiyo ya theluthi moja si ndogo.

Mbunifu wa Japani Issey Miyake aliigeuza hesabu hiyo kuwa sanaa. Tangu miaka ya mwisho ya 1980 alishona kwanza vazi la poliesta kubwa mara mbili na nusu hadi mara tatu ya kipimo cha mvaaji, ndipo akalikunja na kulipitisha katika mashine ya joto likiwa kati ya karatasi. Alichotumia ni kanuni ile ile ya sufuria yetu.

Maswali ya mjadala

1. Kwa nini pasi huhitaji unyevu kwa pamba, ilhali poliesta huhitaji joto tu?
2. Ukipewa kitambaa cha mchanganyiko, utabashiri nini kuhusu vinundu vyake baada ya kuloweshwa? Fanya jaribio ukathibitishe.
3. Mteja anataka marinda ya kudumu kwenye kitenge cha pamba tupu. Fundi amshauri nini, na kwa sababu gani?