Mpango Gani kwa Ironman ya Kwanza?

Swali: Nina kazi na familia. Nichague mpango upi wa mazoezi?

Jibu: Mpango mzuri huanzia kwenye saa ambazo mwanamichezo anazo kweli kila wiki, si ratiba ya bingwa. Ironman yenyewe ni mashindano marefu: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli 180, kisha kukimbia 42.2.

Baiskeli ndiyo hula muda mwingi zaidi, hivyo mpango usio na safari ndefu ya wikendi uachwe. Mazoezi mengi yawe ya mwendo wa kuweza kuongea, na kila baada ya wiki chache mzigo upunguzwe.

Anayeogopa maji ya wazi aanze kuogelea huko mapema. Kula juu ya baiskeli nako hufanyiwa mazoezi.